Kama Neno Lilimfikia Mama

Jumapili ile padri alisimama kanisani akasema kwamba Injili imekwisha wafikia watu wote. Hakusema itawafikia, wala kwamba iko njiani. Imekwisha fika, alisema. Mtume aliandika hivyo tangu zamani, kwamba sauti ya wahubiri imekwenda mpaka mwisho wa nchi, na Mtume hakuandika kwa kubahatisha. Kwa hiyo mtu aliyemo gizani leo yumo kwa kupenda kwake mwenyewe. Akafanya ishara ya msalaba, tukaimba, tukatoka juani.

Ebo! Nilitoka pale damu inanichemka. Hiyo ilikuwa Bagamoyo, miaka ile kabla Wadachi hawajatweka bendera yao, wakati misafara ya pembe ilikuwa ikishuka kutoka bara na watu waliofungwa shingoni wakishuka nayo. Mimi mwenyewe nilishuka hivyo, mtoto wa kimo cha kinu. Nikauzwa, nikanunuliwa na misheni, nikaambiwa sasa u huru, nikalelewa na masista, nikafundishwa kushona na kusali, nikaozwa kwa mwanamume aliyekombolewa kama mimi, ambaye walimfanya mwalimu wa dini. Sisemi walinitendea vibaya. Nilikula, nilivaa, na majibu ya katekisimu niliyajua yote kwa moyo. Lakini nilikuwa na mama mahali fulani, hai au maiti sikujua, na kwa hesabu ya padri mama yangu alikuwa amekwisha pelekewa Neno akalikataa.

Siku hizo nilikuwa nimemzika binti yangu wa pekee, aliyekufa kwa ndui. Alilala kwenye makaburi ya misheni, chini ya msalaba wa mti, na udongo wake ulikuwa bado haujashuka. Padri mwenyewe alinifariji kwamba mtoto amekwenda mbinguni moja kwa moja, na kwamba siku yangu ikifika tutaonana. Nilishika maneno hayo kwa mikono miwili. Ila nikiwa natwanga, au nachota maji, swali lilinijia: na mama je? Nilikwisha tenganishwa naye mara moja hapa duniani. Ati nitenganishwe naye tena, na safari hii iwe milele? Hilo sikulikubali, na mpaka leo silikubali.

"Ilifika kwetu lini?" nilimwuliza mume wangu siku hiyohiyo, kabla hajavua kanzu. "Nani aliileta? Alipita njia gani? Mimi nilipita njia hiyo na mnyororo shingoni, sikukutana na Mtume yeyote."

"Mke wangu, punguza sauti. Majirani wanasikia."

"Wasikie! Si imekwisha wafikia wote?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Mume wangu alikuwa mtu mpole, wa kupima neno kabla ya kulitoa, na upole wake mara nyingine uliniudhi kuliko ukali wa wengine. Alikaa kitandani akafikiri. Akasema labda Mtume aliandika juu ya dunia aliyoijua yeye, miji ya pwani ya huko kwao. Nchi zetu hakuzijua, wala hakujua kwamba kuna watu. Nikamwambia basi nenda kamwambie padri. "Nimwambie mimi?" alisema. "Padri amesoma vitabu ambavyo mimi sijaona hata majalada yake." Ndipo mazungumzo yalipokwama, naye akaenda kumwagilia mboga.

Hasira zangu nikazipeleka kwa mama muuza vitumbua, aliyekaa kando ya njia ya kwenda mjini. Yeye alikuwa Mwislamu, mjane, mwenye ulimi mkali kama wangu, ndiyo maana tulipatana. Nilimwuliza kama amepata kusikia habari za Yesu.

"Nabii Isa? Mwana wa Mariamu?" Aligeuza kitumbua kwa kijiti. "Mbona tumemsoma chuoni, kwenye Kurani, tungali wadogo. Aliponya vipofu."

"Kumbe wewe umekwisha fikiwa."

"Nifikiwe na nani? Nimezaliwa nimemkuta! Mwambie padri wako aje anunue vitumbua, nitamweleza nilivyofikiwa."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kilinikauka, kwa kuwa katika hesabu ile ya padri mama yule naye alikuwa wa motoni, tena kwa kupenda kwake. Na ndiye aliyeniletea uji siku binti yangu alipokufa, wakati wenzangu wa misheni waliogopa ndui wasikanyage kizingiti.

Kiangazi cha mwaka uleule masista walinituma uzi kwa Mhindi mwenye duka karibu na soko. Nilikuta watu wa bara wamekuja na sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, wanangoja upimwe. Mmoja alikuwa akimgombeza mwenziwe, na maneno yake yakaniingia masikioni nikayaelewa kabla sijajua kwamba nayaelewa. Lugha ile nilikuwa sijaisikia tangu utoto. Nikawakaribia nikawatajia ukoo wetu, nikawaeleza habari za mwanamke mwenye kovu la moto lililomzunguka mkono wa kushoto. Wakatazamana.

"Mwenye kovu yupo," alisema mkubwa wao. "Anakaa upande wa nyuma ya Miono. Anaumwa. Tumbo limemvimba."

Lo! Miono! Miaka yote nilidhani nimetoka mwisho wa dunia. Mtoto akizungushwa porini, akilazwa kwenye mazizi ya watu, akiuzwa huku na huku, ataona amevuka nchi saba. Kumbe kwetu ni kuvuka mto Wami tu. Nililia pale dukani mbele ya Mhindi na mizani yake, na sikuona haya.

Padri hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alipopata habari alifurahi kwa dhati, akasema naye amekuwa akitaka kuitazama nchi ile, na kwamba atatuchukua mimi na mume wangu pamoja na wapagazi wachache. Tulikwenda. Wami tuliivuka kwa mtumbwi, huku wenye mtumbwi wakipiga maji kwa makasia ili mamba wakae mbali. Tukafika kijijini.

Mama hakupiga yowe. Aliletwa mlangoni akiwa ameshikwa kwapani, mwembamba kila mahali isipokuwa tumbo. Alinishika uso, akanigeuza shingo, akatafuta nyuma ya sikio langu alama niliyozaliwa nayo, na alipoiona akakaa chini palepale vumbini akashika tama. Tulikaa hivyo. Kikwere changu, lugha ya kwetu, kilikuwa kimekatikakatika, lakini yeye alijua Kiswahili cha wachuuzi wa sandarusi, na kwa hicho tukaanza kuzungumza, mtu na mama yake, kama watu wanaoulizana bei.

Jioni wazee walimkalisha padri barazani. Akawauliza, kwa Kiswahili chake kizuri, kama Neno la Mungu limefika kwao.

"Limefika, bwana," alijibu mkubwa wa kijiji.

"Habari za Yesu Kristo mmezisikia?"

"Tumezisikia." Na wote wakaitikia kwa vichwa, ee, ee, tumezisikia.

Wallahi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. (Mume wangu alikuwa akinikemea kila nilipoapa hivyo, lakini pwani imenilea na mdomo wangu ni wa pwani.) Watu wale hawakuwa wamesikia hata neno moja. Waliyoyasema ilikuwa adabu. Kwetu mgeni aliyetoka mbali akija na jambo lake, hajibiwi "hatujui" siku ya kwanza. Kumwambia hivyo ni kumrudishia mzigo wake kichwani kabla hajautua. Anaambiwa ndiyo, anapewa maji ya kunawa, anakula, analala, anakula tena. Ndipo mzee mmoja atamjia taratibu amwulize: bwana, lile ulilolitaja jana, ni jambo gani? Hapo sasa watu wanakaa, na mazungumzo yanaanza.

Padri aliamka alfajiri akafungasha, kwa kuwa aliogopa mvua zisije zikaifunga Wami. Mkubwa wa kijiji alitujia na kigoda mkononi akakuta mizigo imekwisha panda vichwani, na mama yangu amelazwa kwenye machela, maana nilikuwa nimemwomba aje nami apate dawa za misheni, naye alikubali.

"Mbona mapema?" aliuliza yule mzee. "Tulikuwa bado hatujazungumza."

Padri alimpa mkono akamshukuru kwa ukarimu.

Njiani padri alikwenda mbele, uso umemwiva. Tulipopumzika alimwambia mume wangu: "Umeona? Hata huku. Wamesikia, na wamekaa vilevile." Alisema kwa huzuni ya kweli, na huzuni ile ndiyo iliyonipandisha mori. Nikamweleza. Nilisimama mbele yake, mwanamke, nimejifunga leso kiunoni, nikamweleza habari zote za mgeni na mzigo na siku ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mtu mzima akiniambia ndiyo, mimi ni nani niseme amesema hapana?"

Kisha akatueleza sheria yake, bila ukali, kama mtu anayeonyesha njia. Asiyepata kusikia kamwe, akiwa kufani, ataambiwa maneno machache, na akiitikia hata kwa kichwa atamwagiwa maji ya ubatizo. Lakini aliyesikia naye akaendelea kushika mambo ya kwao, huyo hana budi kuyaacha kwanza kwa kinywa chake. Maji si dawa ya kumwekea mtu usingizini. Nilimtazama mama kwenye machela. Alikuwa amefumba macho, na sikujua kama anasikia.

Dawa za misheni hazikumfaa. Sista alimbonyeza tumbo, akanitazama, akatikisa kichwa. Nikamlaza nyumbani kwangu, kwenye kitanda cha marehemu binti yangu, nikaanza kumfundisha. Lo, nilimfundisha! Niliona kama kuna mtu mlangoni anayeningoja nimalize. Mungu yuko mmoja, alisema anajua, Mulungu yuko mmoja. Aliumba vyote, alisema ndiyo, nani mwingine angeumba? Alimtuma mwanawe akauawa. Hapo alisikitika, akauliza kama mama yake alikuwapo akiona. Nikamwambia alikuwapo. "Maskini," akasema, "na hakuwa na ndugu wa kumshika?" Nilimwambia yasiyo katika katekisimu, kwamba alikuwapo rafiki mmoja na wanawake kadhaa. Akashusha pumzi.

Siku aliyokuwa na nguvu kidogo aliniomba nimpeleke kwa mjukuu wake. Tulikwenda tukipumzika kila baada ya minazi michache. Nilimwonyesha kaburi. Aliutazama msalaba, akaugusa, hakusema kitu. Nikaenda kutafuta jani la kumpepea. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti, ametoa unga pembeni mwa leso yake, anaunyunyiza juu ya kaburi pamoja na maji, anazungumza na wazee wetu waliokufa. Alikuwa akitambika, katikati ya makaburi ya misheni, mchana kweupe.

"Mama! Toba! Unafanya nini?"

"Mtoto yuko peke yake huku, na wageni watupu," alinijibu. "Hana hata mmoja wa kwao. Nimewaambia wazee waje wamtafute, wakae naye karibu."

Nilipaswa kumkemea. Nilipiga magoti nikaifuta ile alama ya unga kwa viganja, nikiwa nalia, na sikujua nalilia nini zaidi. Na mtu alikuwa ametuona, kwa kuwa misheni haina siri. Kabla ya kengele ya jioni padri alikuwa ameambiwa.

Alikuja kesho yake asubuhi. Alikuwa ameleta kichupa cha maji, nilikiona mfukoni mwa kanzu yake kimetuna. Alikuja akiwa tayari, basi. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda akamsalimu mama vizuri, akamwuliza amelalaje. Mume wangu alisimama mlangoni. Mimi niliambiwa ninyamaze, nisimjibie.

"Mama," alisema padri, "umesikia habari za Bwana wetu?"

Nilimwomba Mungu kwa nguvu zangu zote. Sema hujasikia. Sema hujui kitu. Sema wewe ni mwanamke wa porini, sema lolote.

"Nimezisikia, bwana," alisema mama. Alijikaza akainuka kwa kiwiko. "Nimezisikia zote. Mwanangu amenifundisha vizuri sana. Na hata kule kwetu zilikuwa zimefika, tangu zamani."

"Unaziamini?"

"Ni maneno mazuri."

"Basi utaacha kutambika kwa wafu? Utasema hapa, mbele yetu, kwamba umeacha?"

Mama akamtazama padri machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya bado.

"Nikiacha, bwana, yule mtoto tumwachie nani?"

Padri alijaribu. Alimweleza habari za mbinguni, za malaika, za Bikira Maria anayewapokea watoto. Mama aliitikia kila kitu, ee bwana, ee, mpaka padri aliporudi palepale pa kuacha, na hapo hakuitikia. Mwishowe padri aliinuka. Nikamfuata nje, sikuvaa hata viatu.

"Hajasikia!" nilimwambia. "Padri, nakuapia, hajasikia! Anakujibu kwa heshima tu, kama wale wazee. Mmwagie maji. Nakuomba. Maji yenyewe yamo mfukoni mwako."

Macho yake yalikuwa mekundu. "Angeniambia hajasikia," alisema, "ningemmwagia sasa hivi. Mwenyewe amesema amesikia. Mfundishe tena. Nitarudi."

Nilirudi ndani nimejaa kama mtungi. Nikamwuliza mama, tena kwa ukali ambao mtu hamwelekezei mama yake, kwa nini amesema vile. Akashangaa.

"Ningesema sijasikia, wewe ungeonekanaje mbele ya wakubwa wako? Mke wa mwalimu, na mama yake mzazi hajui lolote? Wangesema umenificha. Wangekudharau." Alinipapasa mkono. "Nimekusitiri, mwanangu."

Kefule! Sikumtusi mama, niliitusi dunia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaupiga mgomba kwa ngumi mpaka mkono ukafa ganzi. Mume wangu alinifuata. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupima maneno. Alisema, "Padri amekosea," akakaa chini ya ukuta na kuficha uso. Lakini kwenda kumwambia hakwenda, nami sikumtuma tena.

Padri alikuja mara nyingine, na mama akajibu vilevile. Kisha ugonjwa ukamzidi, akawa hajui mchana wala usiku. Alasiri ya siku ya mwisho mume wangu alikuwa shuleni kwa watoto wake, na mimi nilikuwa peke yangu na mama. Pumzi yake ilikuwa inakwenda na kusimama. Nikajua.

Masista walikuwa wametufundisha sote, tangu tungali wasichana. Mtu akiwa kufani na padri hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, hata mwanamke. Maji kichwani, maneno yake machache, basi. Tuliwafanyia hivyo watoto wachanga na watumwa waliotupwa na misafara kando ya mji, na wengi wao hawakuwa na akili ya kuitikia wala kukataa. Hakuna ambaye angeniuliza. Mama angezikwa karibu na mjukuu wake, na mimi siku yangu ningelala kati yao, na huko tuendako tungekuwa watatu. Nilichukua kata nikachota maji mtungini. Nikamshika kichwa kwa mkono wa kushoto. Maneno yalikuwa yamekwisha fika mdomoni.

Akafumbua macho. Aliiona kata. Akaniona mimi.

"Hata wale," alisema, na sauti yake ilikuwa safi kama ya mtu asiyeumwa, "walingoja nilale."

Nilikuwa sijapata kumwuliza ilikuwaje siku niliyochukuliwa, naye hakuwa amenieleza. Mimi nakumbuka shamba la mtama na mkono wa mtu. Sasa alinieleza, kwa vipande. Alikuwa na homa siku ile. Aliniambia nicheze karibu asikie sauti yangu. Watu wale walikuwa wamekaa vichakani tangu asubuhi, nyayo zao zilionekana baadaye, wakingoja mwenye mtoto apitiwe na usingizi. Akapitiwa. "Ndiyo maana nakuangalia," alisema. "Nisilale tena ukafanywa jambo. Wala mimi nisifanywe."

Maji yalikuwa yananimwagikia magotini. Mama yangu alikuwa amesema ndiyo kwa kila mgeni, kwa kila padri, kwa dunia nzima. Kwangu mimi alikuwa amesema hapana, kwa sababu mimi nilikuwa wake. Sikummwagia. Nilimpelekea kata mdomoni nikamnywesha. Alimeza kidogo, yaliyobaki yakamtiririka kidevuni yakalowesha shingo na mto. Akasema ahsante. Baada ya hapo hakusema tena, na kabla watoto wa shule hawajatoka alikuwa amekata roho.

Jirani alikwenda kuita, na padri akafika mbio, kanzu ameikunja mkononi, mume wangu akimfuata. Aliona kata. Aliona mto umelowa, na nywele za mama kisogoni zimelowa. Alinitazama, na nikaona uso wake unabadilika, unaanza kupata nafuu.

"Ulimbatiza?" aliuliza. "Maji yalimgusa kichwa? Ulisema maneno?"

Ningesema ndiyo angeniamini. Nadhani alitaka niseme ndiyo kuliko nilivyotaka mimi. Neno moja dogo, la adabu, na mlango wa makaburi ungefunguliwa. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake, ananiashiria kwa macho, sema, mke wangu, sema. Lakini ndiyo za mama zilikuwa zimekwisha tumika vya kutosha, na hakuna hata moja iliyokuwa imemsaidia.

"Hapana," nilisema. "Alikuwa na kiu. Alikunywa."

Padri alipiga magoti akasali, sijui alisali sala gani maana ya wafu wasiobatizwa hatukufundishwa. Mama muuza vitumbua ndiye aliyekuja kunioshea maiti. Hakuuliza dini. Alifunga kaniki vizuri, akachemsha maji, akanifundisha pa kushika. Mume wangu na watu wawili wa misheni walichimba kaburi nje ya ua wa minyaa, upande wa porini, kwa kuwa ndani hakukuwa na ruhusa. Kutoka pale msalaba wa binti yangu unaonekana ukisimama wima, ukikaa hauonekani.

Watu walipoondoka nilibaki. Siku ya tatu, au labda ya nne, padri alinijia palepale. Alikuwa amekonda. Alivua kofia akasema amefikiri sana, amesoma tena maneno ya Mtume, na sasa anaona huenda yana maana nyingine. Huenda sauti yaweza kumpita mtu sikioni na Neno lenyewe lisimfikie. Huenda wale wazee hawakuwa wamefikiwa. Huenda mama yangu naye, pamoja na kusema kwake, hakuwa amefikiwa, na asiyefikiwa Mungu hamhukumu kama aliyekataa. Alisema alitaka nijue.

Nilikuwa nimeshika tawi la mchongoma. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama yeye alivyonisikiliza kule njiani.

"Basi tumfukue?" nilimwuliza.

Alivaa kofia yake, akarudi misheni. Nami nikaendelea kupanga miiba juu ya kaburi, maana upande ule fisi walikuwa wengi.